Nenosiri Nililolisema Mbele ya Mkwe Wangu

Leo nimejidhalilisha, tena mchana kweupe, mbele ya wazee wa ukoo, katekista na mkwe wangu. Naandika kabla aibu haijapoa. Laini ya simu ikikatika mjue ni mvua, huku Mbinga imeanza.

Mwanangu Benedikto tulimzika mwezi uliopita. Aliugua kifua hadi mashati yake yakawa yanamning'inia. Ameacha mke, watoto watatu na shamba la kahawa kule Mkumbi. Wiki mbili kabla hajafa alikaa kwenye kompyuta yangu hapa sebuleni, akarekodi sauti yake kuhusu shamba hilo. Akaniambia, "Baba, itunze."

Nikaitunza. Kompyuta yangu inatumia Linux, mfumo unaotolewa bure na kila anayejua anaruhusiwa kuchungulia ulivyotengenezwa. Aliniwekea bwana shamba mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, akalia baridi mwaka mzima (nilimpa koti, ndivyo urafiki ulivyoanza, ila hilo tuliache). Alinifundisha nisifanye kazi zangu kama mkuu wa mashine, niingie kama mtu wa kawaida. Nisipachike programu niliyopewa na nisiyemjua. Akileta masahihisho kwenye CD, niyaweke siku hiyo. Na faili la maana nilifunge kwa nenosiri refu.

"Mzee, tafuta sentensi nzima," alisema. "Sentensi ambayo hata ukilewa huwezi kumwambia mtu."

Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini hapo nilielewa upesi. Kwetu baba mkwe hataji jina la mke wa mwanawe. Namwita Mama Debora, basi. Jina lake nimelimeza miaka tisa. Na kuna jambo jingine nimelimeza miaka hiyohiyo. Nikayaunganisha mawili, nikapata nenosiri ambalo hata mwizi wa Dar angechoka.

Leo kikao. Mdogo wangu Kosmas anataka shamba lirudi kwa ukoo, yaani kwake. Tangu wanunuzi binafsi waanze kufuata kahawa hadi milangoni, watu wengi wamekumbuka undugu wao na mibuni.

"Haya kaka, tusikie hiyo sauti ya marehemu," akasema.

Nikawasha mashine, nikasogeza kiti. Kosmas akasimama mbele yangu.

"Wewe usiguse. Nani anajua utabonyeza nini? Katekista aandike, wewe sema."

"Nitamnong'oneza."

"Kikaoni hatunong'oni. Sema tusikie wote, tujue hakuna ujanja."

Nikaomba karatasi.

"Vikaratasi vya nini tena? Au sauti yenyewe haipo?"

Wazee wakaanza kutazamana. Nikaona shamba linaondoka hivihivi. Mama Debora alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, kanga nyeusi kichwani, mtoto mdogo amemlalia pajani. Nikafumba macho.

"Skolastika ugali wako mbichi."

Kuku alipita sebuleni, nikasikia hadi kucha zake.

"Abee, baba," akaitika Mama Debora. (Ameitwa, afanyeje?)

"Ni nenosiri," nikasema. "Hilo ndilo nenosiri lenyewe."

Katekista akaandika. Sasa, pale pa kuandikia nenosiri kwenye mashine yangu hapaonyeshi kitu, hata nukta, ili anayechungulia asijue lina urefu gani. Katekista amezoea taipureta ya parokia. Akaona patupu.

"Mzee, haiandiki. Rudia taratibu."

"Skolastika."

"Enhe."

"Ugali wako."

"Wako, enhe."

"Mbichi."

"Mbichi," akasema katekista, kwa ile sauti yake ya kusoma masomo kanisani.

Mashine ikakataa. Kumbe alikuwa ameliandika mara mbili, la pili juu ya la kwanza. Nikamwambia afute, aanze upya, S iwe kubwa, asiache nafasi. Nikasema mara ya tatu. Hapo dada yetu mkubwa, Agnesi, akashindwa kuvumilia.

"Mbichi siku moja, au kila siku?"

"Kila siku," nikajibu. (Nilikuwa nimeshakufa, kwa nini nidanganye.)

Ikafunguka. Kwanza kikohozi kirefu. Halafu Benedikto akasema: "Shamba la Mkumbi na nyumba ni vya mke wangu na watoto. Baba mdogo Kosmas namheshimu, ila asivuke mfereji wa mpakani."

Waliokuwa wamejifunika midomo wasicheke wakashusha mikono. Agnesi akamgeukia Kosmas.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi shamba ni la Mama Debora. Kikao kimekwisha."

Kosmas alichukua kofia yake akatoka bila kuaga. Wengine wakafuata. Mimi nilitamani kujifungia kwenye ghala la mahindi, lakini Mama Debora alikuwa mlangoni.

"Baba, miaka tisa?"

"Tisa."

"Benedikto aliupenda hivyo. Alisema ukikauka unamkwama." Akamhamishia mtoto bega la pili. "Nilikuwa nasonga kwa ajili yake."

Yeye akamlaza mtoto kwenye mkeka, akaketi kwenye kiti changu, akaandika nenosiri kwa vidole viwili bila kuniuliza herufi hata moja. Kikohozi kikaanza tena. Nikatoka nje nikasimama kwenye mvua.

Najua bwana shamba atanigombeza. Nenosiri likishajulikana unalibadilisha saa ileile, na hili langu kwa sasa nadhani limeshafika Ngaka na malori ya makaa ya mawe. Lakini silibadilishi. Akitaka kumsikia mume wake kesho, asije kuniomba ruhusa mimi.

Mkitaka kucheka, chekeni polepole. Yuko chumba cha pili, anabembeleza mtoto.