Mgeni wa Jiwe na Ufagio

Mashoga zangu wa Mombasa, leo nimeadhirika. Tena mbele ya wanaume wanne!

Mnajua tangu nije huku Maskati nafanya kazi ya ukalimani, maana Kiingereza nnacho na Kiarabu nnakikokota. Juzi nikakabidhiwa mgeni, mzee wa Kiskoti, Bwana Angus, kaja kupima visima. Begi lake lilibebwa na wapagazi wawili.

"Mna nini humu?" nikamuuliza.

"Jiwe."

Jiwe! Kuleta Maskati, mji uliozungukwa na majabali! Nikamtilia shaka palepale.

Njiani nikamchimba. Akasema ujanani alikuwa bingwa wa mchezo fulani wa kwao, kisha akaingia siasa, akakaa bungeni miaka minane. Siasa! (Sisi tuliokimbia Unguja tukilisikia neno hilo tunatafuta viatu.)

"Na bungeni ulitokaje?"

"Wapiga kura walinitoa," akajibu, anacheka.

Mtu katolewa, anacheka? Shaka ikazidi.

Leo asubuhi nimekwenda kumchukua nyumba ya wageni. Sijabisha hodi, nasikia kitu kinabururwa sakafuni: gruuu! Kisha ufagio: shwa, shwa, shwa! Nikachungulia tundu la kitasa. Mzee kakunja suruali, sakafu imejaa povu la sabuni, na kachora duara kubwa la chaki. Anasukuma jiwe lenye mkono kama birika, halafu analikimbilia mbele kulifagilia njia. Na anapiga kelele peke yake!

Nikasema, kago hili, uganga mtupu. Ndivyo alivyopatia kura!

Mbio mpaka kwa mkubwa wangu, Sheikh Nassor. "Sheikh, mgeni wetu mchawi!"

"Una hakika, Bi Zuwena?"

"Wallahi nimemwona kwa macho yangu!" (Jicho moja, kusema kweli. Tundu lenyewe dogo.)

Akaja na askari wawili wenye bunduki. Mimi mbele, kidole juu. Nikasukuma mlango, nikapiga hatua moja... Yarabi! Sabuni ikanichukua. Nikaanguka kitako, buibui huko, mimi huko, nikateleza chumba kizima. Na yule mzee, badala ya kunishika, akaruka mbele yangu na ufagio wake, akaanza kunifagilia njia! Shwa, shwa, shwa! Nikaja kusimama katikati ya duara.

"Hodari!" akapiga makofi. "Ningekuwa na wewe kwenye timu, nisingeingia siasa!"

Sheikh Nassor akajishika mbavu. Kumbe ni yeye aliyemwomba mzee alete jiwe, awaonyeshe wafanyakazi mchezo wa kwao. Jiwe husukumwa juu ya barafu kuelekea duarani, wenzio wakafagia mbele yake lifike mbali; na huku barafu hakuna, ndiyo ile sabuni. Mzee akatoa picha. Kweli, kapakata kikombe cha ubingwa!

"Alasiri utawatafsiria watu," Sheikh akaniambia, anafuta machozi.

Nimetafsiri. Nimetafsiri nimesimama, maana kukaa siwezi.

Msicheke, na mama asijue. Lakini niambieni kweli: watu wazima kufagia barafu, kisha wakapewa kikombe? Mimi bado nna wasiwasi naye.