Stata ya Mzaramo wa Kaliua

Mtu akikwambia Nikolaus Mahona hakuwa fundi, mkatalie. Alikuwa fundi kweli, ila ufundi wenyewe ulikuwa wa mdomo. Miaka miwili alibeba sanduku la vyombo nyuma ya fundi wa umeme kwenye shamba la mkonge, akatoka huko na majina ya vyombo vyote, maneno mazito ya bosi wake, na bisibisi tatu alizoondoka nazo bila kumuaga mtu.

Bendera ya Mwingereza ilikuwa bado juu ya boma la Tabora siku Nikolaus aliposhuka kwenye treni ya kutoka Kaliua, kwao, akakatiza mtaa wa Ng'ambo na kuona foleni ya wanawake na makapu ya mahindi. Foleni ilikuwa haisogei. Naye aliamini kwamba penye foleni isiyosogea pana shida, na penye shida pana chakula chake. Akafunga vifungo vya koti, akaingia.

Ndani alimkuta Apolinaria Ng'washi, mjane mwenye mashine ya kusaga, akigombana na stata. Stata ni lile sanduku la chuma ukutani lenye kitufe cha kijani cha kuwasha mota na chekundu cha kuzima. Kazi yake nyingine ni kukata umeme mota ikizidiwa, isije ikaungua. Hii ya Apolinaria ilikata kila dakika mbili. Mayala, msagaji wake, alikuwa na dawa moja tu ya ugonjwa huo: kuipiga kwa mchi.

Mashine hiyo ndiyo marehemu aliyomwachia mkewe, na watoto watano walikula kwa mashine hiyo. Msimu ulikuwa wa mavuno. Wanawake wawili walikuwa wameshajitwika makapu waende kwenye mashine ya pili, kule stesheni. Siku mbili tatu za namna hiyo, na wateja wangehamia huko moja kwa moja.

"Shikamoo, mama," alisema Nikolaus.

"Marahaba. Nani wewe?"

"Fundi Mwinshehe, mama. Mzaramo wa Kisarawe. Umeme nimekua nao Dar es Salaam."

Msimlaumu sana. Nani angemwamini kijana wa Kaliua kwa habari za umeme? Maarifa, watu waliamini, huja kwa treni kutoka pwani.

Akainama akasoma kibati cha mota, midomo ikicheza kama anasali rozari, akashusha pumzi. Akaeleza kwamba mota na stata ni mguu na kiatu: kisipoenea, utachechemea tu. Hiyo ilikuwa kweli tupu, aliisikia kwa bosi wake. Uongo ulikuwa hapo alipodai kwamba stata hii ni ndogo, na kwamba anayo mpya ya saizi yake stesheni, imetoka Ulaya. Aondoke na hii ya zamani kwa ajili ya vipimo, kesho alete hiyo mpya. Malipo: madebe mawili ya asali na baiskeli ya marehemu.

Apolinaria naye, Mungu amsamehe, alikuwa na tamaa yake. Alitaka stata isiyokata kabisa, hata Mayala akimwaga madebe matatu kwa mpigo. Nikolaus akamuahidi bila kupepesa macho.

Mchana huo, chumbani kwenye nyumba ya wageni, alifungua stata ile ile. Unga ulikuwa umejaa tele, na mjusi mkavu juu yake. Akapuliza. Vile vidole vya shaba vinavyogusana umeme upite vilikuwa vyeusi, akavisugua kwa msasa ving'ae. Skrubu za waya zilikuwa zimelegea, akazikaza, maana kitu kipya hakichezi. Kisha akapaka rangi ya kijani nje. Maskini, hakujua kwamba alikuwa ameitengeneza.

Asubuhi aliileta ndani ya gunia lenye nyasi. Akazima swichi kubwa, akaunga kila waya kwa alama ya uzi aliyoifunga jana, jambo pekee alilojifunza vizuri mkongeni. Akabonyeza kijani. Mota ikanguruma, mkanda ukashika, unga ukatoka, na wanawake wakapiga vigelegele. Asali na baiskeli vikatolewa nje.

Apolinaria akapapasa stata kwa furaha. Dole gumba likatumbukia kwenye bonde chini ya rangi mpya. Likatulia humo. Akamtazama Mayala, Mayala akautazama mchi wake, kisha dari.

Mama wa watu alielewa yote. Akipiga kelele za mwizi, askari watakuja, na stata itapelekwa boma kuwa ushahidi mpaka mavuno yaishe. Akameza hasira, akageukia foleni.

"Fundi, hebu waambie wenzangu. Wewe Mzaramo kweli?"

"Mzaramo, mama."

"Wa baba na mama?"

"Mpaka bibi na babu."

"Jamani," alisema Apolinaria, "kumbe mtani wetu!"

Tangu wapagazi wa Unyanyembe walipokuwa wakishusha pembe za ndovu pwani, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Mtani atakuvua kofia hadharani aende nayo, nawe utacheka. Utani hauna kesi. Basi foleni ikamvamia Nikolaus. Kofia ikaenda, koti likaenda, bisibisi tatu zikaenda. Asali na baiskeli vikarudi ndani. Apolinaria mwenyewe akachukua viatu.

"Wazee wetu walikwenda kwenu pwani miguu mitupu," alisema. "Wewe uje kwetu na viatu?"

Sentensi moja tu ingemwokoa: mimi si Mzaramo, ni mwenzenu. Lakini nyuma ya sentensi hiyo lilisimama swali la stata. Nikolaus akacheka kicheko cha mtu anayeumwa jino.

Apolinaria akamsogelea, akamsalimu taratibu, "Wangaluka."

Magoti yakapinda kwa heshima kabla ya akili. "Wangaluka, mayu," aliitikia Nikolaus, kwa Kinyamwezi cha kwao safi kabisa, kisha akajishika mdomo.

Foleni nzima ikamgeukia.

"Huyu Mzaramo hodari," Apolinaria aliwaambia watu. "Siku moja tu, keshajua lugha yetu. Na kila mwezi atakuja kuisafisha stata yake mpya, bure. Si ndiyo, mtani?"

"Ndiyo, mtani," alisema Nikolaus kwa sauti ndogo, akashika njia ya stesheni akiruka mawe ya moto.

Mwezi uliofuata alirudi. Akapuliza unga, akasugua shaba, akakaza skrubu. Mayala akamwaga madebe matatu kwa mpigo, stata ikakata, na safari hii Apolinaria akamgombeza Mayala. Kisha akaingia ndani, akamtolea Nikolaus kiatu cha kushoto.