Giaboksi Haitanishinda

Jumatatu, 4 Juni
Gari la marehemu shangazi limegoma. Aliniachia mimi, si mwingine! Injini inanguruma, natia gia, halisogei. Fundi akaingia uvunguni, akatoka akitikisa kichwa: giaboksi imekufa, nitafute nyingine au niliuze gari. Kaka akasema yeye alishasema litakufa. Kaka huwa amesema. Tayari ana rafiki mnunuzi wa vyuma chakavu, atakuja na lori Jumapili. Mama akaamua: nikiweza kulitoa getini na kulirudisha bila kusukumwa kabla lori halijafika, ni langu. Nisipoweza, linapandishwa mizani.

Shangazi alinifundisha kuendesha ndani ya gari hili. Halikatwi vipande nikiwa hai.

Jumanne, 5 Juni
Nimesoma kitabu cha gari chote, hata kurasa za redio. Uamuzi wangu: fundi hajakisoma. Nikabadilisha oili ya giaboksi mwenyewe. Nusu iliingia kwenye giaboksi, nusu kwenye viatu vya kaka. Nikawasha. Mbele: wapi! Nyuma: lo! Likachomoka getini kama mshale, likaliponda pipa la maji la kaka. Majirani wakalisukuma hadi ndani, pua ukutani kama mwanzo. Kaka amenuna. Raha yangu.

Alhamisi, 7 Juni
Nimepata! Mama alisema litoke, lirudi. Hakusema litazame wapi. Na rivasi ni nzima! Nimeifanyia mazoezi njia yote kwa miguu, kinyumenyume, kioo cha kujipodolea mkononi. Muuza mkaa akauliza, "Dada, umesahau nini?" Nikamjibu nafanya utafiti. Kisha nikaanguka juu ya magunia yake. Shingo inauma. Vizazi vijavyo vitanielewa.

Jumapili, 10 Juni
Ushindi! Mama akaketi kiti cha nyuma, mkoba mapajani, akauliza imekuwaje yeye ndiye katangulia. Tukauzunguka mtaa mzima kinyumenyume. Karibu na nyumbani, kwenye kichochoro, tukakutana na lori la vyuma chakavu, mkia wetu kwa pua yake, kaka ndani. Dereva akapiga honi. "Sogea mbele, wewe!" Nikachungulia dirishani nikamwambia mimi sirudi nilikotoka. Mama naye akatoa kichwa, akamuuliza kaka tangu lini yeye, mama yake, alizaa mtoto wa kumzibia njia. Lori likarudi nyuma kwa aibu hadi barabara kuu. Nikaingia getini, nikaegesha kitako ukutani.

Mama alicheka hadi akajifuta machozi. Akasema ahadi ni deni, gari ni langu, ila shangazi hakuniachia gari tu, kaniachia na kichwa chake.

Jumatatu, 11 Juni
Asubuhi nikawasha, niende kujitamba mtaani. Gari linatazama geti. Kitako kimegusa ukuta. Mbele haliendi. Nyuma hakuendeki.

Kaka akaleta kiti na kikombe cha chai, akaketi kivulini, akauliza kwa upole kama leo natoka. Fundi alipita, akachungulia, akasema neno moja tu: giaboksi. Nikamshukuru kwa maoni yake.

Halafu nikapanda juu ya ndoo. Nyuma ya ukuta kuna njia: pana, nyoofu, tupu kabisa! Kwa hiyo giaboksi haina kosa lolote. Mwenye kosa ni ukuta.

Nimeazima nyundo.