Bobini ya Shaba na Ile ya Mulumba

Jumatatu, 1 Machi 1993

Mkuu wa bwawa la Nzilo ametangaza: Jumapili atachagua mzamiaji mkuu. Magugu yameziba mdomo wa kuingizia maji kwenye mitambo, umeme wa Kolwezi unapepesa kama jicho la mgonjwa, na Wazungu waliokuwa wakizamia walikimbia zamani. Tumebaki wawili. Mimi, Tharcisse, karani wa Kampuni ya migodi asiye na mshahara, msomaji wa vitabu vizito, adui wa kila upuuzi. Na Mulumba, mwalimu wa hesabu, jirani yangu. Naye amesoma. Sipendi kuliandika hilo.

Atakayeshinda anapata kazi na nyumba ya pale bwawani. Nyumba yenye taa!

Mtihani ni mmoja. Unazama, unatia hewa ndani ya boya, linapanda huku bobini, kile kigurudumu cha kuzungushia kamba, ikifungua kamba mkononi mwako. Walio juu wanaliona na kujua uko wapi. Basi kila kitu ni bobini.

Mulumba anayo. Ndogo, ya plastiki nyeusi, haina mpini wala kitasa, upana wa kisahani cha chai. Aliachiwa na Mbelgiji aliyetufundisha kuzamia. Kwa nini yeye? Mimi ndiye niliyebishana na Mbelgiji yule kila Jumapili!

Nilimweleza Mulumba kwa kirefu kwamba mtu mwenye heshima hatundiki uhai wake kwenye kitu cha kuchezea mtoto. Alinisikiliza hadi mwisho, na hiyo ndiyo tabia yake mbaya kuliko zote. Kisha akasema kwa heshima yake ya kawaida: "Tata Tharcisse, kitu kidogo hakina fasi ya kukwamia."

Sikulala vizuri.

Jumatano, 3 Machi

Kwa Asani, sokoni. Huyu huuza kila kitu: sabuni, mishipi, miavuli, matairi. Yuko kwenye saumu na midomo imemkauka. Alinionyesha bobini ya kuvulia samaki, imefunikwa pande zote. Nikasema kamba ikijifunga ndani, nani ataiona? Alinionyesha nyingine iliyo wazi, ya mbao. Nikasema mbao huvimba majini. Nikaanza kumfafanulia historia ya gurudumu. Akaniomba nifupishe, ana kiu, na jua bado liko juu. Akauliza kwa nini nisiazime ile ya Mulumba, maana kila mtu anaisifu.

Kila mtu!

Nimeamua. Nitaunda yangu. Na nchi hii si ya plastiki. Sisi ni watu wa shaba. Bobini ya mzamiaji mkuu itakuwa ya shaba.

Shaba itatoka wapi? Ukutani! Ile picha ya sebuleni, ya shaba iliyofuliwa kwa nyundo, twiga na mwanamke abebaye mtungi. Tulipewa siku ya harusi. Aliyetupatia ni Mulumba. Raha iliyoje kuikata!

Ijumaa, 5 Machi

Imekamilika. Ina mabawa mawili ya shaba, moja kila upande wa kamba, mpini wa chuma, kitasa cha kuzuia kamba, na pete ya kuning'iniza kiunoni. Inang'aa kama kanisa siku ya Pasaka. Uzito wake ni wa mtoto wa nguruwe, lakini uzito ni heshima.

Henriette, mke wangu, aliingia, akautazama ukuta, akautazama msumari mtupu, akanitazama mimi. Akauliza kama nimetengeneza mashine ya kusagia nyama. Nilipomweleza, alikaa chini. Alisema hivi: "Weye hauna shida ya bobini, Tharcisse. Weye uko na shida ya Mulumba." Nikamjibu kwamba wanawake hawaelewi ufundi wa majini. Chakula cha jioni sikukiona.

Barabarani vijana wanapita wakiimba kwamba watu wa mkoa wa Kasai warudi kwao. Mimi ni wa hapa, hawanigusi. Wazazi wa Mulumba walitoka Kasai. Yeye alizaliwa mtaa huu huu, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Arudi wapi? Upumbavu mtupu! Nimeandika kurasa nne kali dhidi ya ushenzi huu, nitazibandika kwenye mlango wa posta. Katika ukurasa wa pili nilimtaja Mulumba kama mfano wa raia mwema. Nikasoma tena. Nikamfuta. Haiwezekani nimfanye hata mfano.

Jumamosi, 6 Machi

Aibu! Nilitoka na baiskeli kwenda Nzilo kuijaribu, bobini imefungwa nyuma, inang'aa. Pale kwenye kizuizi cha barabara walinzi wakanisimamisha. Shaba! Wanaume wazima wawili wakaizunguka wakisema nimeiba mali ya Kampuni. Mji mzima unaiba shaba usiku ndani ya magunia ya makaa, nami ninayeibeba mchana kweupe ndiye mwizi! Niliwahutubia juu ya sheria na dhana ya mali. Nikawaita mbwa wa mfumo uliooza. Wakanikalisha chini juani na kunivua viatu.

Nani akatokea? Mulumba, kwa baiskeli. Akawaamkia kwa upole. Akaichukua bobini, akaigeuza, akawaonyesha bawa moja: shingo ya twiga ingali inaonekana. "Mi mwenyewe nilimupelekea hii ku ndoa yake," alisema. "Ilikuwa muzuri sana, kweli." Walinzi wakacheka hadi wakashika matumbo. Nikaachiwa.

Hakuniuliza kwa nini nimeikata zawadi yake. Hata neno! Mtu wa namna hiyo unamchukiaje kwa raha?

Mlinzi mmoja, bado anacheka, alimuuliza Mulumba yeye atapanda lini treni ya kurudisha watu Kasai. Mulumba aliwaaga kwa upole ule ule. Alipanda baiskeli.

Jumapili, 7 Machi

Niandike upesi kabla hasira haijapoa. Nilidai kuanza mimi. Mulumba alikaa kwenye mtumbwi na mkuu wa bwawa. Nikazama. Haraka mno! Bobini ilikuwa inanitangulia. Kule chini, ndani ya maji ya rangi ya chai, nikatia hewa ndani ya boya, likaruka, kamba ikafunguka vizuri. Kisha twiga! Ukingo wa ile shingo ukaidaka kamba. Kitasa kikajifunga. Boya likaanza kunivuta juu kama samaki, kwa pete ile ile ya kiunoni niliyojivunia. Nikaifungua kwa kucha zote. Nikaiacha.

Walioona wanasema boya lilitokea juu, likatazama pande zote, kisha likazama tena, limevutwa na bobini yangu. Mkuu wa bwawa aliuliza kama hiyo ndiyo ishara mpya. Mulumba alikuwa amekwisha kujirusha majini kunitafuta. Nilipoibuka peke yangu, salama, upande wa pili wa mtumbwi, nilimkuta mkuu akicheka peke yake, Mulumba hayupo. Hata kuniokoa alitaka kuniokoa bila ruhusa yangu!

Zamu yake, nilikaa mimi juu. Sikupepesa macho. Boya lake lilichomoza wima kama mshumaa, palepale palipotakiwa. Kazi ni yake. Nyumba ni yake. Taa ni zake.

Jumatano, 10 Machi

Jana jioni wale vijana wa nyimbo walivunja nyumba ya Mulumba. Milango, bati, kila kitu. Familia haikuumia.

Nilikwenda asubuhi. Nilimwambia wajifiche kwangu. Nikaongeza: kwa sharti akiri kwamba bobini yangu ilikuwa bora kimsingi. Mulumba alicheka. Mkewe Ntumba hakucheka. Mulumba akasema: "Batachoma na yako, tata." Basi.

Nilibeba godoro lao hadi stesheni. Watu, watu, watu! Masufuria, mbuzi, vyerehani, wazee wamelala juu ya mifuko, na treni haijulikani itafika lini. Wanafunzi wake walikuja kumuaga, wanalia. Mama wauza mboga wanalia. Hata Asani amekuja na mkate, na yeye mwenyewe amefunga. Mimi nilipokwenda Sandoa mwezi mzima nani alilia? Henriette aliniuliza tu kama nitarudi na mihogo.

Mulumba alitoa mfukoni ile bobini nyeusi, akanipa. Akasema niishike kwa vidole viwili tu, nisijifunge nayo kamwe, na ikikwama niiachie iende. Nikamwambia nayajua hayo. Akasema anajua kwamba najua.

Mkuu wa bwawa amenitumia ujumbe. Kazi ni yangu. Nyumba ni yangu. Nimeshinda kwa sababu mshindani ameondolewa mjini. Nimezibandika zile kurasa nne posta. Zimechanwa kabla ya saa sita.

Jumapili, 14 Machi

Nimezama kwa mara ya kwanza kama mzamiaji mkuu. Nilitumia bobini ya Mulumba, kwa vidole viwili. Boya lilipanda wima. Wima kabisa! Kamba haikugusa chochote. Nilipanda taratibu, nikitengeneza usoni sura ya mtu asiyejali sifa.

Juu hakukuwa na mtu. Mkuu wa bwawa alikuwa amerudi ofisini kunywa chai. Mtumbwi ulikuwa mtupu, boya linaelea peke yake kwenye maji mapana yote yale.

Hapo ndipo nilipoelewa jinsi Mulumba alivyonionea tangu mwanzo. Yeye kila alipozama, juu alikaa mtu asiyepepesa macho, anayelijua boya, anayelisubiri kwa moyo unaodunda. Mimi! Na mimi nikizama, nani wa kunikalia juu? Hata hilo alinizidi.

Nimerudi nyumbani, nimeitundika bobini yake kwenye ule msumari wa sebuleni. Henriette aliitazama, kisha akarudi jikoni. Sitaitumia tena. Nusu ya picha imebaki, upande wa mwanamke na mtungi. Shaba nzuri, nene. Nimeanza kuchora bobini mpya. Safari hii mipini miwili.