Paka wa Radka na Matone ya Usingizi

Jumatatu, 3 Februari
Saa tisa usiku. Paka wetu Barut karuka kutoka juu ya kabati hadi kwenye fimbo ya pazia. Mita mbili na ushee, gizani, bila kugusa kitu. Nikabaki mdomo wazi. Mwenzake Sliva akamfuata, pazia likaja lote. Mke wangu Radka hakustaajabu. Yeye huendesha basi la alfajiri hapa Plovdiv, na leo nusura asinzie kwenye usukani. Kanipa hadi Jumamosi: paka watulie, la sivyo waende kijijini kwa kaka yake. "Na wewe Metodi, ukipenda, uwasindikize."

Jumanne, 4 Februari
Nimekutana na Stamen, jirani wa chini, fundi saa mstaafu. Kasema niwachezeshe jioni mpaka wachoke, niwalishe, watalala wenyewe. Rahisi mno. Tena tangu kabichi yangu ya chumvi ioze pipani na yake ikapona, kila neno lake lina kicheko ndani. Mimi nitatumia sayansi: matone ya valeriani, yale anayokunywa mama mkwe ili alale. Kama yanamlaza mama mkwe, paka ni nini?

Jumatano, 5 Februari
Nilidondosha matone kwenye zulia lao. Barut akagaragara, akalia kama mtoto mchanga, kisha akapanda ukuta. Naandika nikiwa na akili timamu: ukuta. Hatua nne. Sliva alizunguka chumba bila kukanyaga sakafu: kochi, redio, bega langu, jiko. Nilisahau hata kuogopa. Miaka hamsini na minane, na sijapata kuona kiumbe kikiwa huru namna ile.
Stamen aligonga dari yake kwa ufagio. Asubuhi kanidaka kwenye ngazi: "Bwana wee, valeriani kwa paka ni sawa na rakia kwako. Umewalewesha."

Alhamisi, 6 Februari
Mpango mpya: kuwanyima usingizi mchana. Kila wakifumba macho, nawaamsha. Saa nane nikapitiwa mimi. Nimezinduka saa moja jioni, wote wawili wamelala kifuani kwangu.
Radka kaleta kapu la kuwasafirishia, kaliweka mlangoni. Kisha nikamwona anampapasa Sliva masikio, uso kaugeuzia dirishani. Ndiye aliyewaokota kando ya mto Maritsa, siku ya mvua. Roho imeniuma. Nimekwenda kuoga ili asinione.

Jumamosi, 8 Februari
Usiku wa pili wa kimya. Wamelala miguuni petu wamejikunja kama mkate mmoja, pumzi zikipanda na kushuka pamoja. Niliwatazama mpaka kukacha, kama mtu aliye kanisani.
Asubuhi Radka alikuwa akiimba jikoni. Nikamwambia mpango wangu umefaulu. Kasema la: tangu Alhamisi, nikiwa bafuni, huwavutia unyoya kwenye uzi nusu saa nzima, kisha huwapa samaki. Kama alivyosema Stamen. Kapu kalirudisha stoo.

Jumapili, 9 Februari
Haiwezekani sifa zote ziende kwa Stamen. Sokoni mama mmoja alikuwa na mtoto wa paka, mweupe, katulia kiganjani mwake kama mtawa. Nikaelewa papo hapo: wale wawili walikosa mfano mwema tu. Nimemchukua.
Radka hajajua. Nimemweka kwenye kabati la makoti, na kutoka huku nilipoketi namsikia akipanda makoti.