Shukrani za Kupitia Ukutani

Jumatatu, 3 Machi
Mama mchungaji ametufundisha vijana kuhusu kuridhika. Paulo aliridhika hata gerezani. Nimeguswa. Ila Paulo hakupangwa kwaya mstari wa mbele Jumapili na viatu vya dada yake. Baba yangu ni fundi viatu, amevitia soli ya tatu kwa upendo mwingi. Natamani vipya. Kumwambia siwezi. Nikimtazama tu, ulimi unaganda.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata njia. Kati ya chumba chetu na sebule ni mbao tupu. Baba akipiga chafya, tunampa pole kutoka kitandani. Nitamshukuru Mungu kwa sauti kwa viatu hivi. Baba atasikia, moyo utamuuma, atanunua. Si uongo. Shukrani ni shukrani.
Nimeomba. Kwa Kiingereza cha shuleni, naona kinakaa kitakatifu zaidi. Binamu, ninayelala naye chumba kimoja, akasema nipunguze kelele, kwanza mjomba, yaani baba yangu, haelewi hata neno.

Jumatano, 5 Machi
Nimerudia kwa Kiswahili. Nimetaja gundi, mshono, hadi tundu la kidole gumba. Sebuleni baba akapenga kamasi. Mambo yanakwenda.
Binamu yeye kalalamika mezani waziwazi kuwa viatu vyake vimechoka. Hana haya. Nimemsikitikia kiroho.

Ijumaa, 7 Machi
Baba kaja na boksi. Vyeusi, vya kamba, vinanukia duka. Akampa binamu. Akaeleza kwamba alininunulia mimi, lakini kanisikia nikiomba, na hajawahi kuona mtoto aliyeridhika namna ile, asije akaniharibu. Machozi yakamlengalenga. Nikasema asante baba. Ningesema nini?
Chini ya shuka nimemuuliza Mungu kwa mnong'ono kama huwa anasikiliza mpaka mwisho.

Jumapili, 9 Machi
Wimbo wa kwanza, viatu vipya vikaanza kumng'ata binamu. Wa pili akaimba analia. Waumini wakasema Roho ameshuka. Akaninong'oneza, dada, tubadilishane, nakufa. Tukabadilishana nyuma ya spika. Wa tatu nikalia mimi.
Ndipo nikavikumbuka vyangu. Laini. Ibada ilipoisha tukarudishiana, na kabla ya kuvivaa nikapapasa ndani: baba ameweka kitambaa, kipande cha shati lake la bluu. Siku zote hizi nimekikanyaga bila kujua.
Njiani kurudi baba akanishika bega. Akasema ukuta ule unapitisha hata minong'ono ya chini ya shuka. Nikitaka kitu nimwambie yeye, baba haumi. Nimeahidi.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeridhika kabisa. Kumzidi binamu, nadhani.
Limebaki begi la shule, zipu imekufa. Nimekwenda kibandani anakoshona viatu kumwambia baba, nikaishia kumuuliza saa ngapi.
Lakini nimegundua mama huchambua mboga chini ya dirisha letu. Kesho nitamshukuru Mungu kwa zipu.