Malalamiko Dhidi ya Ziwa Lisilokupwa

Nassor Mjaka,
Chokocho, Pemba.
5 Agosti

Kwa Sheha wetu, Bi Fakhriya,

Assalaam alaykum warahmatullah.

YAH: OMBI LA KUTOGONGWA MUHURI KWENYE BARUA YA SAFARI YA ZIWANI

Natumai mguu wako umepoa na wajukuu hawajambo. Mimi pia sijambo, ukiondoa jambo moja, ambalo ndilo lililonikalisha kwenye meza hii tangu nitoke msikitini.

Unanijua, lakini barua rasmi hukaa kwenye faili, na faili husomwa na wasionijua, kwa hiyo najitambulisha. Mimi ni karani mstaafu wa bandari, na ni mume wa Bi Kazija, mkulima wa mwani katika Kikundi cha Tusichoke, chenye wanawake kumi na wawili. Kwa miaka ishirini na tisa nimekitumikia kikundi hicho kwa cheo cha Mshauri wa Maji. Cheo hiki sikupewa na mtu. Nilikiona kiko wazi, nikakikalia.

Kazi yangu ni hii. Mwani hauvunwi maji yakiwa yamejaa. Husubiriwa bamvua, zile siku za mwezi ambazo bahari hupwa sana, hata mtu akatembea kwa miguu mpaka kwenye kamba zake. Na saa ya kupwa haikai mahali pamoja: leo saa nne, kesho karibu saa tano, keshokutwa saa tano na nusu. Hapo ndipo ninapohitajika. Nina daftari la maji, nina saa ya mkononi, nina kikombe changu cha kahawa. Nakaa barazani, natazama saa, natazama daftari, halafu naita: Bi Kazija, maji yanatoka! Naye huacha alichoshika akaenda, na wenzake wakisikia sauti yangu hutoka majumbani mwao wakamfuata. Katika miaka yote hiyo sijakosea zaidi ya robo saa, na sijalowa hata siku moja.

Sasa Tusichoke wameamua kuchoka. Mwisho wa Septemba, kwa siku tisa, wataiacha bahari waende Mwanza, wapande boti lenye paa na viti, wazunguke Ziwa Victoria kutazama viboko, mamba na ndege, na walale kwenye mahema kisiwani. Safari ya majini, ati! Watu wa kisiwani wanakwenda bara kutafuta maji, na wakiyapata wanatafuta kisiwa. Mipango yote ameifanya mshika hazina wao, Ruweida, binti mwenye simu kubwa na majibu mafupi. Nasikia kilichobaki ni barua yako ya utambulisho. Kabla hujashika muhuri, naomba usome haya.

1. Ziwa halipwi.

Naliandika hili kwa herufi za kawaida, lakini nilipoambiwa nilisimama. Mimi niliposikia habari ya safari sikununa. Nilifanya kazi yangu. Nilikaa siku tano nikatengeneza Jedwali la Maji ya Ziwa Victoria: nilichukua saa za maji za bandari ya Mkoani, nikaongeza muda kwa kukadiria umbali wa kutoka pwani mpaka Mwanza, nikapiga mistari kwa kalamu za rangi nne, nikaenda mjini likatiwa plastiki. Nikaliwasilisha kwenye kikao chao. Ruweida akalitazama mbele, akaligeuza nyuma, akasema kwa upole kwamba ziwa halipwi wala halijai, Mzee, liko vile vile asubuhi na jioni. Nikauliza, kwa nia safi kabisa, sasa watu wa huko hujuaje saa ya kuamka? Wakacheka mpaka mmoja akatoka nje kushika ukuta. Kilichofuata baada ya kicheko hicho nitakieleza kwenye lalamiko la sita. Kwa sasa roho yangu hainiruhusu.

Nauliza tu: maji makubwa kiasi hicho, yanayopakana na nchi tatu, yanakaa tu? Hayana pa kwenda?

2. Ratiba ni aibu.

Nimeiona kwa macho yangu. Siku ya nne imeandikwa hivi: saa tatu hadi saa saba, kukaa na kutazama maji. Nikasema labda mchana kuna kazi. Nikashuka chini: saa tisa hadi magharibi, kuendelea kutazama maji. Bi Fakhriya, kama tatizo ni kutazama maji, si mlango wetu unaelekea baharini? Na Bi Kazija hayatazami tu, huwa ndani yake mpaka kiunoni, karibu zaidi kuliko mtalii yeyote. Tena wamekodi viti vya kulalia. Mke wangu ana umri wa miaka hamsini na sita na hajawahi kulalia kiti. Ataanguka.

3. Maji hayana chumvi. Samaki wa huko hutiwa chumvi kwa mkono. Sina la kuongeza. (Ruweida anasema maji hayo ni mazuri kwa udhu na kwa kufulia. Nakiri ni faida, lakini sikukusudia kuitaja.)

4. Kiboko.

Huyu ndiye mnyama mkuu wanayemfuata. Nimeuliza sifa zake kwa mtu aliyewahi kufanya kazi Mwanza. Akanieleza kwamba kiboko hukaa majini mchana kutwa hafanyi chochote, haitwi na mtu, hatumwi na mtu, na jua likitua hutoka taratibu kwenda kula. Akisumbuliwa hufungua mdomo, na hakuna anayemsogelea tena. Astaghfirullah! Hawa ni wake za watu. Wanapelekwa wakajifunze nini hasa? Simba ningemwelewa, maana simba jike huwinda na dume hulala, na mambo yanakwenda. Lakini kiboko ni mfano mbaya kwa nyumba yoyote yenye ndoa ya muda mrefu.

4 (b). Nimesahau jaketi. Kwenye boti kila mmoja atavishwa jaketi la kuelea, rangi ya chungwa, hata Bi Mwanapili ambaye alijua kuogelea kabla hajajua kusema. Hii ni dharau, na naomba iandikwe hivyo.

5. Picha.

Redio kila siku inatuhimiza tufanye utalii wa ndani, na mimi siipingi serikali. Lakini kuna mpango wa Mwenyezi Mungu katika mambo haya. Wageni huja kwetu, hutembea ufukweni na kofia zao, huwapiga picha wake zetu wameinama kwenye mwani, husema wamefurahi, huondoka. Mgongo wa Bi Kazija uko ukutani kwenye nyumba fulani huko Ulaya. Uso wake hawakuuhitaji. Sasa yeye anasema anakwenda ziwani na simu yake iliyojaa chaji, akae kwenye kiti, awapige picha wavuvi wa dagaa, migongo tu, kisha aseme amefurahi. Nilimwambia mambo hayo yana wenyewe. Akaniuliza wenyewe ni nani. Nikaenda kutazama kuku.

6. Hili ndilo lenyewe.

Naendelea na pale nilipoishia. Wanawake walipomaliza kucheka, nilimtazama Bi Kazija nikitegemea anitetee, maana yeye peke yake hakucheka. Akasema ziwa amelichagua yeye. Ruweida alikuwa ameleta mapendekezo matatu, mbuga mbili na ziwa, na wenzake walitaka tembo. Yeye akasema anataka maji yasiyokupwa. Anataka kukaa mbele ya maji mengi, ayaangalie, na yasimwite. Hapo mimi nikawa nimesimama na jedwali langu la plastiki mkononi, sijui niliweke wapi.

Nimelifikiria neno hilo siku nane. Yasimwite! Kwani maji yana mdomo? Kwa miaka ishirini na tisa aliyeita ni mimi.

Nimejitetea kwa hesabu, maana mimi ni mtu wa daftari. Nimehesabu kurasa zangu na kuona kwamba Bi Kazija katika maisha yake ya mwani amepata bahati ambayo wengi hawana, ya kutoka nyumbani kila saa ya asubuhi na mchana, saa ya leo isiwe ya kesho. Ametoka harusini. Ametoka kwenye hitima akarudi dua haijaisha. Siku ya bamvua sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai. Hukiacha juu ya kinu, nami hukirudisha jikoni nikishamaliza kahawa yangu, jambo ambalo kwenye kikao halikutajwa na mtu. Nilipoyaandika haya niliona yatanisaidia. Sasa nikiyasoma sina hakika yananisaidia vipi, lakini nimeyaandika kwa wino na sitayafuta.

7. Hatari kwa bahari kwa jumla.

Tuseme wamekwenda. Tuseme wamekaa siku tisa mbele ya maji yenye adabu, yasiyokwenda wala kurudi. Je, wakirudi watakubali haya yetu? Wataanza kwa kuchelewa kidogo. Kisha watasema maji yakitoka yatoke, wao wanamalizia chai. Habari itafika Makoongwe, itafika mpaka Wingwi, ambako wanawake hawajambo kwa maswali. Mwisho bahari itakupwa na kujaa pwani yote ya Pemba hakuna anayeijali, na mimi niko barazani naita jina la mtu anayenisikia vizuri tu. Na wakishazoea kutoitikia maji, watabakisha kumwitikia nani?

Kumbuka pia kwamba tarehe walizochagua ni za bamvua kubwa kuliko yote ya mwaka huu. Nimehakikisha mara mbili. Ruweida anazijua vizuri. Tarehe za bamvua nilimpa mimi mwenyewe.

Usidhani niko peke yangu. Tumeunda Kamati ya Waume. Ilikuwa na wajumbe wawili, mimi na Ngwali. Ngwali alijiuzulu Jumanne baada ya mkewe kumwahidi gunia la dagaa, kwa hiyo sasa maamuzi hupita bila mabishano.

Kwa sababu hizo, na kwa heshima zote, Kamati inaomba yafuatayo. Kwanza, muhuri wako upotee. Si lazima upotee kweli. Inatosha usionekane mpaka Oktoba. Pili, ukishindwa hilo, uwaandikie wakubwa wa huko bara kwamba ziwa lao liwekwe utaratibu wa kupwa na kujaa mara mbili kwa siku, hata kama ni kwa kiasi cha goti. Wameweza kujenga reli ya umeme. Maji ya kwenda na kurudi hayawezi kuwashinda. Jedwali liko tayari, na nitalitoa bure. Tatu, yote yakishindikana, safari ihamishiwe Makoongwe. Ni kisiwa, kina maji pande zote, boti lipo, na kama lazima waone mnyama mkubwa anayekaa bila kufanya kitu, nina ndugu zangu kule.

Bi Fakhriya, niseme neno moja nje ya faili. Nyumba itakuwa kimya siku tisa. Nikishatazama saa na daftari, nitamwita nani? Katika orodha ya mambo ya kuchukua, iliyobandikwa mlangoni kwangu mwenyewe, kuna kofia, kuna dawa ya mbu, kuna sweta. Mshauri wa Maji hayumo. Hakuna hata aliyeniuliza kama nami napenda viboko.

Nisalimie Mzee Hamad na wote wa nyumbani kwako, watoto, wajukuu, na majirani wa ng'ambo ya njia isipokuwa Ngwali.

Ni mimi, mtii wako, mkavu na mwenye kuumia,

Nassor Mjaka
Mshauri wa Maji (wa kujitolea), Kikundi cha Tusichoke
Mwenyekiti, Katibu na Mjumbe, Kamati ya Waume

Nyongeza: Nilikwenda kutafuta bahasha, na niliporudi nikamkuta Bi Kazija amekaa kwenye kiti changu anaisoma barua hii. Ameisoma mpaka mwisho, tena bila haraka, maana leo ni maji mafu, hayapwi vya kutosha, na bahari haina haja naye. Alipofika lalamiko la sita alirudia. Kisha akaniambia jina langu liko kwenye orodha ya Ruweida tangu Shaaban, nafasi ya kumi na tatu, na kwamba alikuwa akingoja siku nitakayoomba kwenda badala ya kupanga wengine waende vipi. Mimi nikasema hili ombi nimeshaliandika, lipo hapo juu ya salamu za mwisho, pale nilipotaja viboko.

Amenipa masharti mawili. La kwanza, daftari la maji libaki Pemba. Nimelifunga kwa kamba ya mwani, analileta yeye mwenyewe pamoja na barua hii, ambayo amesema ifike kama ilivyo, hata nukta isipunguzwe. Nakuomba ulifungie kwenye kabati lako na usinipe hata nikija kulia mlangoni kwako. La pili, kila asubuhi ziwani chai ya Bi Kazija nitachemsha mimi, nitampelekea kwenye kiti chake, na sitafungua mdomo mpaka kikombe kiwe kitupu. Nimekubali. Naomba unieleze kwa siri majani hutiwa kabla maji hayajachemka au baada, kwani hapa nyumbani naona haya kuuliza.

Kwa hiyo gonga muhuri, Bi Fakhriya, na ugonge sana usije ukafifia. Bamvua la siku hizo, kama nilivyosema, ni kubwa kuliko yote ya mwaka. Maji yakitaka kupwa, yaacheni yapwe.